Baridi ya Mbeya Haifiki Kwenye Bodi: Kuchagua Spea za Pawa Saplai

Mwezi Juni na Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi joto 10, na ni rahisi kudhani joto si adui wa vifaa vya huku. Ndani ya televisheni mambo ni tofauti. Kapasita, kikopo kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme, ikisimama karibu na bati la kupoozea inaweza kufika nyuzi 60 na kuzidi, hata kama sebuleni watu wamejifunika blanketi. Kwa hiyo unaponunua spea, namba ya kusoma kwanza kwenye ganda ni ile inayopuuzwa zaidi: 85 au 105.

Hicho ni kikomo cha joto. Kapasita nyingi za kawaida huahidiwa saa 2,000 za kazi zikiwa kwenye kikomo chenyewe, na kila joto linaposhuka nyuzi 10, uhai huongezeka takriban maradufu. Zikifanya kazi kwenye nyuzi 65, ya 85 itadumu kama saa 8,000, ya 105 kama saa 32,000. Kwa televisheni inayowashwa saa 8 kwa siku, ya kwanza haimalizi miaka mitatu. Ya pili inakaribia kumi na mmoja.

Mikrofaradi (µF), yaani kipimo cha chaji ambayo kapasita inaweza kuhifadhi, zibaki zilezile. Volti zinaweza kuzidi ila zisipungue: penye 1000 µF 16 V, weka 1000 µF 25 V kama nafasi inatosha. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa na daiodi kuwa wa upande mmoja hupanda hadi karibu 325, hivyo kapasita kubwa ya mwanzo iwe ya volti 400 au 450. Hiyo hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Ondoa chaji hiyo kwa risista ya 2.2 kΩ wati 5, kisha pima kabla ya kugusa. Bisibisi isitumike kwa kazi hiyo.

Pawa saplai za kisasa hukata na kurudisha umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa sehemu iliyo baada ya trafoma, omba kapasita ya ESR ndogo, yaani yenye ukinzani mdogo wa ndani. Ya kawaida itachemka, itavimba kichwa, na mteja atarudi.

Nenda soko la Mwanjelwa na mita yako. Kapasita ya 1000 µF isome kati ya 800 na 1200. Shika mbili zenye maandishi sawa, moja kila kiganja: iliyo nyepesi mno huenda ni kapasita ndogo iliyofichwa ndani ya ganda kubwa. Yenye miguu mifupi na mabaki ya risasi ya kulehemu iache, imeshatumika.

Msimu wa mvua, Rungwe hadi Njombe, radi huleta kazi nyingi mezani. Tafuta varista, kidonge bapa chenye maandishi kama 14D471K: 14 ni kipenyo kwa milimita, 471 ni volti 470. Hupasuka ili bodi ipone. Wapo wanaoking'oa, wanabadili fyuzi, televisheni inawaka, wanaifunga. Radi inayofuata haikuti kizuizi. Rudisha varista ya namba ileile.

Fyuzi iliyoandikwa T3.15A huchelewa kukatika, ikivumilia msukumo wa kuwasha. Ukiweka ya F, ya kukatika haraka, itakatika mara kwa mara, na hapo ndipo mtu hushawishika kuweka uzi wa waya, ambao huacha njia za shaba ziungue badala yake. Kioo cha fyuzi kikiwa cheusi ndani, kuna shoti: pima daiodi na transista ya pawa kwanza. Halafu jaribu kuwasha kupitia balbu ya uzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo. Ikiendelea kung'aa sana, shoti bado ipo.

Nina ombi moja zito kwa kila fundi. Kapasita ndogo, mara nyingi ya bluu, yenye alama Y1 au Y2 hukaa kati ya umeme wa ukutani na sehemu ambayo mtu huishika, kama tundu la antena. Imetengenezwa ili hata ikifa isipitishe shoti. Ya kawaida ikifa mahali hapo, mtoto anayeshika waya wa antena anaweza kupigwa na volti 230. Ukikosa yenye alama hiyo, kifaa kikae kimezimwa mpaka ipatikane.