Watu wengi, shamba lile lile: ujira wa Uingereza kabla ya viwanda

Hesabu hii ya watu, chakula na ujira mimi huianza kwenye mbegu. Uingereza ya karne ya 13, gunia moja la ngano likipandwa lilirudisha kama manne. Moja linawekwa la mbegu, matatu yanaliwa. Mvua ikiharibu shamba likatoa matatu tu, mavuno yamepungua robo, ila chakula kimepungua theluthi: mawili badala ya matatu. Ndiyo sababu mvua za 1315 hadi 1317 ziliua sana. Aliyekula mbegu kwa njaa hakuwa na cha kupanda msimu uliofuata.

Wakati huo watu walikuwa karibu milioni 5. Malisho yaligeuzwa mashamba, mifugo ikapungua na samadi nayo ikapungua, udongo ukachoka. Kila kibarua aliyeongezeka alileta nafaka chache kuliko aliyemtangulia.

Tauni ya 1348 iliondoa theluthi ya watu, pengine nusu, ardhi ikabaki ile ile. Mwaka 1351 Bunge liliamuru ujira urudi viwango vya kabla ya tauni. Amri haikushika, kwa kuwa waajiri wenyewe walinyang'anyana vibarua. Fundi mwashi wa kusini aliyelipwa peni 3 (peni ni sarafu ndogo ya Uingereza) kwa siku alifikia peni 6 katika karne ya 15, huku nafaka ikiwa rahisi. Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa sahani: huko Sedgeford, Norfolk, wavunaji wa 1256 walishibishwa mkate wa shayiri, nyama ya kuonja tu. Kufikia 1424 walikula ratili moja ya nyama kwa kila ratili mbili za mkate.

Kisha watu wakaongezeka tena, wakafika kama milioni 4 mwaka 1600. Peni ziliongezeka, lakini bei ya chakula ilizipita mbali, na ujira halisi, yaani kile ambacho peni hizo zingeweza kununua, ukashuka kwa karibu nusu.

Wengi hukosea hapa: huchukua ujira wa siku wakauzidisha kwa siku za mwaka mzima. Kulikuwa na sikukuu, majira ya baridi na siku za kukosa kazi. Tena, mkate ukipanda bei watu hufanya kazi siku nyingi zaidi, na mke na watoto huingia kazini. Kwa hiyo ujira wa siku huonyesha anguko la kipato cha nyumba kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Mbali na njaa na tauni, breki nyingine ya ongezeko la watu ilikuwa ndoa. Katika karne ya 17 wanawake waliolewa kwa wastani wakiwa na miaka 25 au 26, baada ya miaka ya utumishi wa kuweka akiba, na wapo ambao hawakuolewa kabisa. Maisha yakibana, harusi ziliahirishwa na watoto wakazaliwa wachache. Pamoja na vifo na waliohamia ng'ambo, hilo lilisimamisha ongezeko baada ya 1650 bila njaa ya nchi nzima.