Gumzo la Filamu ni Nini, na kwa Nini Nguvu Yake Huisha Jumapili

Gumzo la filamu ni mazungumzo yanayoizunguka filamu kabla watu hawajaiona. Si tangazo lenyewe. Tangazo hulipiwa na studio, yaani kampuni inayotengeneza filamu: bango la barabarani, sekunde 30 za televisheni, picha ya shujaa kwenye kikombe cha soda. Gumzo huanza pale watu wanapofanya kazi ya tangazo bila malipo, wakibishana nani anafaa kuwa Batman, yule shujaa mwenye vazi la popo, wakitumiana trela (kionjo cha filamu), wakihesabu siku. Hamu ndiyo zao la mazungumzo hayo: mtu ameshaamua kwamba filamu ikitoka, Ijumaa ile ile yumo ukumbini. Vijiweni wengi wataita yote hayo kiki, lakini kiki inaweza kuishia kwenye kutajwa tu. Studio haitosheki na kutajwa. Inataka tiketi inunuliwe kabla mnunuzi hajapata nafasi ya kumuuliza mtu aliyekwishaitazama.

Biashara nzima imeegemea hapo. Filamu kubwa ya mashujaa wenye nguvu za ajabu hugharimu dola milioni 200 au zaidi kuitengeneza, na kuitangaza duniani mara nyingi huzidi dola milioni 100 nyingine. Wiki inayofuata kuna filamu ya studio pinzani inayozitaka kumbi zile zile. Kwa hiyo siku tatu za kwanza, Ijumaa hadi Jumapili, ndizo zinazopiganiwa, na katika siku hizo ubora wa filamu haujawa na kazi kubwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hollywood hawakubaliani nao hata kidogo: kizuri na kibaya vyote hutembezwa, kwa mbwembwe zile zile, na mtazamaji hawezi kuvitofautisha mpaka taa zizimwe.

Filamu kubwa za namna hiyo zina msimu wake, na msimu wenyewe ni wa Marekani. Huanza Ijumaa ya kwanza ya Mei na kumalizika kwenye Sikukuu ya Wafanyakazi ya kwao, ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Huo ni wakati wa likizo ndefu ya shule na joto kali, na kumbi za sinema zina viyoyozi. Huku kwetu kipupwe kinavuma na hakuna msimu wa sinema unaoitwa hivyo, lakini filamu hutufikia kwa kalenda hiyo hiyo.

Zamani mambo hayakwenda hivyo. Filamu ilianzia miji michache mikubwa, kisha ikasambaa polepole, sifa zake zikiitangulia kwa midomo ya walioiona. Juni 20, 1975 studio ya Universal ilitoa Jaws, filamu ya Steven Spielberg kuhusu papa, katika kumbi 409 za Marekani kwa mpigo, baada ya kumwaga takriban dola 700,000 kwenye matangazo mafupi ya televisheni. Haikuwa filamu ya kwanza kutolewa kwa wingi namna hiyo, lakini mafanikio yake yaliwafundisha wakubwa wa studio kwamba nchi nzima inaweza kutiwa hamu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mashujaa waliingia kwenye mchezo huo kwa kishindo mwaka 1989, na Batman ya Tim Burton. Gumzo lake lilianza kama ugomvi. Jukumu alipewa Michael Keaton, mwigizaji aliyejulikana kwa vichekesho, na mashabiki wa vitabu vya katuni wakaja juu; barua za kupinga zilizofika studio ya Warner Bros. zilikadiriwa kuwa 50,000. Studio ikaharakisha trela iliyounganishwa kwa pupa, ikionyesha kwamba hakuna kichekesho humo. Wapo walionunua tiketi ya filamu nyingine, wakaitazama trela hiyo, kisha wakanyanyuka na kuondoka. Bango nalo halikuwa na sura ya mtu yeyote wala jina la filamu, isipokuwa alama ya popo na tarehe: Juni 23. Ukilitazama leo utaona ujasiri wake. Lilimwambia mpita njia kwamba asiyejua alama hii ni ya nini, basi ameachwa nyuma. Wikendi ya kwanza filamu ilikusanya dola milioni 40.5 Marekani, rekodi ya wakati huo.

Humo tayari mna karibu kila kiungo kinachotumika hadi sasa: mabishano kuhusu mwigizaji, kionjo kinachoonyesha kidogo, alama inayotambulika kwa mbali, na tarehe. Tarehe ni kiungo kinachodharauliwa. Hamu isiyo na siku maalumu hupoa. Ndiyo maana studio hutangaza tarehe miaka miwili au mitatu mapema, wakati mwingine hata mwandishi wa hadithi hajapatikana.

Kampeni inayotajwa kuliko zote ni ya The Dark Knight, filamu nyingine ya Batman, iliyotoka Julai 18, 2008. Warner Bros. waliipa kazi kampuni ya 42 Entertainment, na kazi ikaanza zaidi ya mwaka mmoja kabla. Mei 2007 ilizuka tovuti ya kampeni ya uchaguzi ya Harvey Dent, mwanasheria katika mji wa kubuni wa Gotham, kana kwamba ni mgombea halisi. Muda si mrefu, katika maduka ya vitabu vya katuni zikaanza kuokotwa karata za Joker, adui wa Batman, zenye maandishi. Aliyefuata maandishi hayo alifika kwenye tovuti pacha ya ile ya kwanza, hii ikiwa imechafuliwa. Akiandika barua pepe yake, nukta moja ya picha iliyofichwa ilifunuka. Nukta kwa nukta, barua pepe kwa barua pepe, sura ya Joker wa Heath Ledger ikajitokeza: rangi nyeupe iliyopakwa hovyo, mdomo uliochanwa hadi mashavuni.

Tazama ujanja wake. Picha hiyo ingeweza kupewa gazeti lolote ikachapishwa asubuhi na kusahaulika jioni. Badala yake waliifunua watu wenyewe, na mtu hasahau upesi kitu alichokitolea jasho.

Desemba mwaka huo ilitolewa orodha ya anwani katika miji mbalimbali ya Marekani, na wafuatiliaji wakaambiwa waende kuchukua mzigo. Anwani zilikuwa za maduka ya keki. Aliyewahi kufika alikabidhiwa keki iliyoandikwa namba ya simu juu yake. Akaipiga namba hiyo, na keki ikaita. Ilibidi aichimbe kwa mikono. Ndani mlikuwa na simu, chaja na karata ya Joker. Waliochimba keki hizo walikuwa wachache mno, hawawezi kujaza hata ukumbi mmoja. Lakini picha zao zilizagaa, magazeti yakaandika, na mamilioni ya watu ambao kamwe wasingefuata fumbo la mtandaoni wakapata habari kwamba kuna filamu inayowatia watu wazimu kiasi hicho. Gumzo hutembea kwa namna hiyo: wachache wanashughulika, wengi wanasimuliwa habari zao.

Januari 22, 2008 Heath Ledger alifariki dunia akiwa na miaka 28. Kuanzia siku hiyo haiwezekani tena kupambanua hamu iliyotengenezwa na simanzi ya kweli, na anayesema mauzo ya filamu hiyo yalitokana na kampeni pekee anajirahisishia hesabu. Wikendi ya kwanza iliingiza dola milioni 158.4 Marekani, na hatimaye ikavuka dola bilioni moja duniani. Ledger alitunukiwa Oscar baada ya kufa.

Sasa, studio hujuaje kama gumzo limeshika? Wiki chache kabla ya filamu kutoka, kampuni za utafiti huanza kuwahoji watu, na maswali makuu ni manne. Kwanza, ni filamu gani unazijua zinazokuja? Hapo hutajiwi jina lolote. Pili, je, umesikia kuhusu hii? Tatu, una nia ya kweli ya kwenda kuitazama? Nne, kati ya zote zilizopo wikendi hiyo, utaanza na ipi? Majibu hugawanywa kwa jinsia na umri, kwa kawaida waliozidi miaka 25 na ambao hawajafika. Filamu ya mashujaa inayotegemea vijana wa kiume peke yao ina hali mbaya, kwa gharama zile.

Pengo la kuogopwa liko kati ya swali la pili na la tatu. Jina linaweza kujulikana na kila mtu na bado watu wasitake kuitazama filamu. Kujulikana kunanunulika, ukiwa na milioni 100 za matangazo, hata nyanya wa mtu atajua filamu inatoka. Kutamaniwa ni jambo jingine.

Siku hizi kipimo kinachopigiwa debe ni idadi ya walioitazama trela ndani ya saa 24. Ile ya Deadpool & Wolverine, Februari 2024, ilitangazwa kuwa imetazamwa mara milioni 365, na filamu ilipotoka Julai iliingiza dola milioni 211 wikendi ya kwanza Marekani. Hapo namba na tiketi zilikubaliana. Ila mimi namba hizo huzipokea kwa tahadhari: mtangazaji ni studio mwenyewe, mitandao mingi imejumlishwa pamoja, na kila mtandao una kipimo chake cha kutazama, pengine sekunde chache za video inayojicheza yenyewe wakati kidole kikiipita. Tena kelele za mtandaoni si lazima ziwe za watu. Julai 2022 jarida la Rolling Stone liliandika kuhusu ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya WarnerMedia, kampuni mama ya Warner Bros. wakati huo, ambayo ilikuta kwamba angalau asilimia 13 ya akaunti zilizopigania toleo jipya la filamu ya mashujaa Justice League zilikuwa bandia.

Kuna pia kazi ya kuficha, ambayo ni nusu ya gumzo. Studio ya Marvel waligawa kurasa za hadithi kwa waigizaji vipande vipande, ili mtu asije akamwaga mtama penye kuku wengi. Trela ya Avengers: Infinity War ilimwonyesha shujaa Hulk akikimbia vitani katika nchi ya kubuni ya Wakanda bega kwa bega na wenzake, kwenye filamu hakuna tukio hilo. Ni uongo? Wapo waliolalamika. Naona ni uongo wa mwenye kukuandalia jambo la kushtukiza siku yako ya kuzaliwa, na mashabiki wengi waliupokea hivyo. Lakini studio ikizoea kuonyesha kisichokuwepo, siku moja trela zitakosa wa kuziamini.

Gumzo likizidi kimo cha filamu, hugeuka deni. Mfano wa karibuni ni The Flash, iliyotoka Juni 16, 2023. Tangu mwanzo wa mwaka ilisifiwa: James Gunn, aliyekuwa amekabidhiwa uongozi wa DC Studios, tawi la filamu za mashujaa la Warner Bros., aliitaja kuwa miongoni mwa filamu bora za mashujaa zilizowahi kutengenezwa. Trela ilirushwa wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mwezi Februari. Wenye majumba ya sinema walionyeshwa filamu mapema huko Las Vegas mwezi Aprili. Na turufu yao kubwa? Michael Keaton, yule yule aliyepingwa kwa maelfu ya barua, sasa akirudishwa na vazi lake la popo kama kumbukumbu tamu ya utotoni. Wikendi ya kwanza ilipata dola milioni 55 Marekani. Ya pili iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 70.

Mporomoko huo wa wikendi ya pili ndiyo namba ya kutazama ukitaka kujua gumzo lilikuwa na nini ndani. Filamu za mashujaa kwa kawaida hushuka kwa nusu au zaidi kidogo, kwa sababu mashabiki wenye haraka huisha siku za mwanzo. Ikishuka theluthi mbili au zaidi, ina maana waliotoka ukumbini hawakumwambia mtu aende. Usiku wa kwanza watafiti wa CinemaScore huwapa watazamaji kadi waijaze, kuanzia A+ hadi F. The Dark Knight ilipata A. The Flash ilipata B, alama inayosikika si haba mpaka ukumbuke kwamba wanaojaza kadi usiku huo ndio waliokuwa na hamu kuliko wote.

Ijumaa hiyo hiyo ya Juni 16 ilitoka Elemental, katuni ya Pixar iliyoanza na dola milioni 29.6, na magazeti yakaandika kwamba imekufa. Hakukuwa na gumzo la maana juu yake. Wiki zikapita, wazazi wakaambiana, watoto wakataka kurudi kuiona tena. The Flash ilimaliza na dola milioni 271 hivi duniani. Elemental ilikaribia milioni 500.