Maana ya opea, na anapotofautiana na dada wa kazi

Binti wa jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, alipopata familia ya kumpokea Ujerumani, mama yake alizunguka mtaa mzima na habari kwamba mwanawe anakwenda kuwa "upea". Wapo waliosikia upelelezi. Shoga yake mmoja wa kikoba, ambaye hana breki za mdomo, akamuuliza mbele ya watu: "Yaani anakwenda kuwa beki tatu wa Wazungu?" Mama wa watu akanywea. Jioni akanigongea mlango, akaketi, akasema, "Wewe umesoma. Hebu nieleze, mwanangu anakwenda kuwa nani huko?"

Swali ni la haki, na jibu lake si jepesi kama vijana wa mtandaoni wanavyolifanya.

Neno lenyewe ni la Kifaransa. Huandikwa au pair, hutamkwa karibu na opea, na maana yake ni sawa kwa sawa. Opea ni kijana aliyetoka nchi nyingine, anayeishi ndani ya nyumba ya familia kama mmoja wao, anayesaidia kulea watoto na kazi nyepesi za nyumbani kwa saa zilizopangwa, naye akapewa chumba chake, chakula, posho ya kila mwezi au kila wiki, na nafasi ya kujifunza lugha na maisha ya pale. Muda wake ukiisha, anaondoka. Ule usawa wa kwenye jina ndio unaodai kwamba hapo hakuna bwana na mtumwa, kuna familia inayohitaji mkono na kijana anayehitaji lugha.

Ulaya ililiandika jambo hili kwenye mkataba, Strasbourg, Novemba 1969. Mkataba ule ulitaka opea asifanye kazi zaidi ya saa tano kwa siku na apate walau siku moja nzima ya mapumziko kila wiki. Uliridhiwa na nchi chache, na leo kila nchi ina sheria zake. Ndiyo maana ukimuuliza mtu "opea analipwa kiasi gani?" bila kutaja nchi, jibu lolote atakalokupa ni la kubahatisha.

Chukua Ujerumani, alikokwenda huyu binti. Kule opea hasaidii zaidi ya saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki. Posho ni euro 280 kwa mwezi, na familia inaongeza euro 70 za kumchangia ada ya darasa la lugha. Bima ya afya na ya ajali ni juu ya familia. Akikaa mwaka mzima ana wiki nne za likizo. Yeye naye lazima awe ametimiza miaka 18 na hajafika 27 anapoomba viza, na awe na Kijerumani cha kuanzia, ngazi ya A1. Ndiyo hiyo iliyomfanya binti apande daladala miezi kadhaa kwenda darasani Upanga, Taasisi ya Goethe, akirudi usiku anawasalimia kuku kwa Kijerumani.

Marekani wana mpango tofauti, ulioanza mwaka 1986 chini ya viza ya J-1, ya wageni wa mipango ya kubadilishana. Kule umri ni 18 hadi 26, saa zinafika 45 kwa wiki na 10 kwa siku, na kiwango cha chini cha serikali kuu ni dola 195.75 kwa wiki. Hizo senti zinatoka kwenye hesabu: kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa, mara saa 45, kisha inakatwa asilimia 40 kwa ajili ya chumba na chakula. Familia pia inatoa hadi dola 500 za masomo. Na kazi za opea wa Marekani ni za watoto tu. Atafua nguo za mtoto, ataandaa chakula cha mtoto, atapanga chumba cha mtoto. Mashati ya baba hayamhusu.

Nilimweleza mama haya yote, akanisikiliza kwa adabu, lakini nilimwona hajashawishika. Kilichomshawishi kilikuja wiki ya pili baada ya binti kufika, kwa njia ya WhatsApp: picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la ng'ombe.

Karatasi ilikuwa na mistari ya kalamu ya buluu. Jumatatu: saa kumi na mbili unusu asubuhi hadi saa mbili, kuamsha watoto, kifungua kinywa, kuwasindikiza shule. Halafu patupu. Kisha saa sita unusu hadi saa kumi na moja jioni, chakula cha mchana, mazoezi ya shule, bustani. Basi. Jumatano asubuhi ni vilevile, ila mchana ni patupu kwa sababu usiku wa siku hiyo wazazi hutoka, na opea hukaa na watoto hadi saa nne. Jioni hiyo imehesabiwa, ni kazi, hata kama watoto wamelala na yeye amekaa tu sebuleni anaangalia simu. Jumamosi na Jumapili hazikuandikwa kitu. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine: "Friji ni yako pia."

Mama aliiangalia ile picha kwa muda mrefu. Akaikuza, akaipunguza. "Watu gani hawa," akasema, "wanaandika mpaka saa ya kumshika mtoto?" Hakuwa anasifu wala kuponda. Alikuwa anashangaa kweli.

Mshangao wake ndio kiini cha maelezo yangu yote. Kumshika mtoto kwetu hakuna saa. Mtoto akilia anashikwa na aliye karibu. Sasa mletee mtu wa namna hiyo karatasi ya friji, ataona ni ubahili wa mapenzi. Mimi naona tofauti ya opea na msaidizi wetu wa nyumbani ipo papo hapo kwenye karatasi, wala haipo kwenye rangi ya mwajiri au kwenye kupanda ndege.

Angalia majina tunayompa msaidizi wetu. Beki tatu ni dhihaka ya kijiweni. Hausigeli limechakaa, na wenyewe hawalipendi. Yaya ni wa mtoto tu. Lililoshinda yote ni dada. Watoto wanamwita dada, baba mwenye nyumba anamwita dada, hata bibi wa miaka sabini aliyekuja kutoka Same kutibiwa anamwita dada. Ni jina la heshima na sitaki kulibeza. Lakini linafanya kazi moja ya siri: linafuta saa. Nani anamhesabia dada yake saa? Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri achemshe chai na kuvalisha watoto, kwa sababu basi la shule linapita kabla foleni haijakaza. Atapiga deki, atafua, atapika, na usiku atasubiri wa mwisho kurudi amwekee chakula, iwe saa tano. Katikati ya hapo ameketi, ndiyo, kaangalia tamthilia ya Kituruki pamoja na watoto. Mtoto akijikwaa, kuketi kumekwisha.

Wengi hatujui kwamba na huyu dada karatasi yake ipo, ila haikubandikwa kwenye friji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Saa 45, sawasawa na za opea wa Marekani. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 nayo ilimtaja, na viwango vyake vya wakati ule vilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida, 120,000 kwa wa kwenda na kurudi, na zaidi ya hapo kwa anayefanya kazi kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Chama cha kumtetea kipo pia, CHODAWU. Kwa hiyo siwezi kusema opea ana haki na dada hana. Mmoja haki zake zinasomwa na kila anayefungua friji kuchukua maziwa.

Kisheria wanatofautiana vingine. Dada ni mwajiriwa, anapokea mshahara, anaweza kufanya kazi hiyo miaka kumi. Opea, kwa nchi nyingi za Ulaya, ni mtu aliye kwenye mpango wa kubadilishana utamaduni; anachopokea ni posho ya matumizi na haitoshi kujenga Chanika. Nawaambia vijana hili kwa sababu wengi wanabadilisha euro 280 kuwa shilingi wakiwa bado Dar, wanaona utajiri, halafu wanakwenda kununua kahawa na tiketi ya treni kwa bei za kule.

Aliye karibu zaidi na opea, ukinisikiliza vizuri, si dada wa kazi. Ni mtoto wa ndugu. Mnamjua. Anatoka kijijini na begi la kamba, baba yake kaahidiwa kwenye simu: "Mlete akae na shangazi yake, atasaidia saidia nyumbani, nasi tutampeleka kujifunza ushonaji." Chumba, chakula, msaada kidogo, na elimu. Ni mapatano ya opea neno kwa neno, na tulikuwa nayo kabla hatujasikia Kifaransa. Yanapovunjika huvunjika mahali palepale kila mara: "saidia saidia" haikuwa na saa, na kujifunza hakukuwa na tarehe ya kuanza. Miaka mitatu baadaye cherehani hajaigusa, na hawezi kudai, kwa sababu atakuwa anamdai shangazi.

Wazungu nao hawajaepuka mtego huo. Norway ilifunga mpango wake wa opea mwaka 2024, baada ya miaka ya malalamiko kwamba vijana wanaletwa kwa jina la utamaduni na kugeuzwa wafanyakazi wa bei rahisi. Usawa wa kwenye jina hauji wenyewe.

Kuna mambo mawili matatu watu hunifuata kuyauliza. La kwanza: "Nina shangazi yangu Hamburg, si aniite kama opea wake?" Hapana. Ujerumani haikubali opea awe ndugu wa familia inayompokea, wala haimpeleki kwa wazazi waliotoka nchi yake mwenyewe. Mantiki iko wazi: ukikaa na shangazi mtaongea Kiswahili mpaka viza iishe.

La pili ni pesa. Kabla huyu binti hajapata familia, wakala mmoja wa mjini alimtaka laki nane za "kufungua faili", risiti hakuna, mkataba hakuna, na jina la familia atalijua "akishafika". Nilikuwepo, na bado nikifikiria nakasirika, maana mama alikuwa ameshauza friza. Ada ya viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni euro 75, na anayekwenda huwa ameshaongea na familia yenyewe kwa video, ameona watoto, amesaini mkataba wenye saa, posho na likizo. Familia inayokuomba wewe uitumie hela haipo. Anayekutaka uondoke bila kujua unakofikia hafanyi kazi ya opea, na nchi hii ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008 kwa ajili ya watu kama yeye.

La tatu huulizwa na wenye nyumba kubwa: naweza kumpokea opea wa kigeni hapa Dar? Vibali vyetu vya ukaazi ni vya madaraja A, B na C, na hakuna lililopewa jina la opea. Mgeni anayelea watoto wako kwa malipo ya chumba na chakula bado anahesabika anafanya kazi, kwa hiyo anza Uhamiaji kabla hujamkatia tiketi. Wale vijana wa Kijerumani mnaobanana nao kwenye mwendokasi wengi ni wajitoleaji wa mashuleni na kwenye miradi, jambo jingine kabisa.

Binti wa jirani yangu anamaliza mwaka wake Agosti. Ujerumani mtu huwa opea mara moja tu, hakuna kurudia, kwa hiyo anasomea Kijerumani cha ngazi ya kati, B1, akiwa na nia ya kuingia mafunzo ya uuguzi. Juzi alipiga simu ya video akiwa jikoni kwao, na mtoto wa miaka minne akajipenyeza mbele ya kamera, akasema "Shikamoo bibi" kwa lafudhi ya ajabu. Mama akaitikia marahaba, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akamuuliza binti yake, "Na huyu sasa, Agosti utamwambiaje?"

Binti akamtazama mtoto, akasema hilo halipo kwenye karatasi.