Je, wajua kwa nini kanzu nyeupe ya Mbedui inachorwa kwa bluu?

Ukiangalia picha za rangi za maji za Wabedui, wale Waarabu wahamaji wa jangwani, utaona kitu cha ajabu kidogo, kanzu ni nyeupe lakini mchoraji kaijaza bluu, mara zambarau, na bado jicho linakwambia hiyo nguo nyeupe tu. Bluu imetoka wapi sasa?

Imetoka angani. Jua linapiga upande mmoja wa nguo, huo unawaka na una umanjano kwa mbali. Upande wa pili jua halifiki, ila hauko gizani, unamulikwa na anga lenyewe, na anga ni bluu kwa sababu hewa inatawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Afu kuna mchanga nao, unarudisha mwanga juu ukiwa na rangi yake, ndo maana chini ya kidevu na kwenye mikunjo inayotazama chini unakuta uchungwa. Yaani kivuli kimoja, rangi mbili. Ukipaka kijivu cha kuchanganya na nyeusi kanzu inaonekana haijafuliwa mwezi mzima.

John Singer Sargent, Mmarekani aliyepata jina kwa kuchora matajiri kwa rangi za mafuta, alienda Syria na Palestina 1905 hadi 1906 akawachora Wabedui kwa rangi za maji. Mojawapo ya picha hizo iko Brooklyn Museum, jumba la makumbusho la New York, ambao mwaka 1909 walinunua picha zake 83 za rangi za maji kwa mkupuo! Humo nguo zimepigwa brashi haraka haraka, bluu tupu, ila nyuso na macho kayatuliza kweli kweli.

Kwa anayejifunza kuchora watu, wengi wanadhani nguo pana ni nafuu maana inaficha mwili. Mi naona ni kinyume kabisa, mikunjo haijianzii tu popote, inaanzia pale nguo ilipoegemea au kuvutwa, begani, kwenye kiwiko, gotini, sasa ukikosea bega kanzu yote inageuka gunia lililosimama. Chora mwili kwanza kwa penseli, kidogo tu, ndo uuvalishe nguo.

Weupe wa upande wa jua ni karatasi yenyewe, usiuguse (Sargent naye kuna sehemu aliweka rangi nzito, lakini yule ni Sargent). Kivuli kipake kwa umbo moja kubwa la bluu ya ultramarini, na kikiwa bado kibichi dondoshea kahawia nyekundu upande wa mchanga, uache zichanganyike zenyewe, ukianza kusugua umeharibu.

Watuareg wa Sahara ni kesi nyingine. Wanaume wao hujifunga kitambaa kilichotiwa nili (rangi ya bluu ya kutia nguo), na nili inahamia kwenye ngozi, kwa hiyo bluu ya shavuni si ya anga, inakaa hata pale jua linapopiga.