Umeachishwa kazi? Fomu ya chuo inaweza kusubiri

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa ajira huja na fomu ya chuo mkononi. Wameachishwa kazi wiki mbili tatu zilizopita, kiinua mgongo kimeshaingia benki, na kozi wameshaichagua: kompyuta, usimamizi wa miradi, uchambuzi wa data, chochote walichosikia kina soko. Wanachotaka kwetu ni jibu moja tu: chuo hiki kinafaa au hakifai? Huwa nawaomba fomu ikae pembeni kwanza. Kusoma ni jambo jema, ila mtu ambaye hajapata usingizi wa maana tangu apewe barua hapaswi kuamua peke yake, tena kwa haraka, jinsi ya kutumia fedha za mwisho alizonazo.

Kinachotakiwa kuanza ni ile barua. Isome upya ukiwa umetulia, pamoja na mkataba wako wa ajira. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) Na. 158 wa mwaka 1982 unataka mwajiri awe na sababu halali, atoe notisi ya kutosha au alipe badala yake, na mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea anapotuhumiwa kwa mwenendo au utendaji wake. Si kila nchi imeuridhia, lakini hata nyingi ambazo hazijauridhia zina sheria zinazofanana nao. Uliza kuhusu siku za likizo ambazo hukuchukua, mshahara wa siku ulizofanya kazi, michango ya hifadhi ya jamii na cheti cha utumishi. Malalamiko yana kikomo cha muda, na mara nyingi kikomo hicho ni kifupi. Anayesubiri hasira ipoe ndipo aende kuuliza, hukuta mlango umefungwa.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo watu hulidharau, nalo ni muda. Mwaka 1931 na 1932, watafiti wa jamii Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld, Hans Zeisel na wenzao walichunguza maisha ya Marienthal, kijiji cha Austria karibu na Vienna, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa tegemeo la kijiji kizima kilikuwa kimefungwa. Ungedhani watu wenye saa nyingi mikononi wangesoma zaidi. Ikawa kinyume chake: uazimaji wa vitabu katika maktaba ya wafanyakazi ulishuka kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani. Wanaume walijikokota na kusimamasimama, huku wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwa zimewaachisha, wakitembea kwa kasi. Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira humpa mtu mengi zaidi ya mshahara: ratiba ya siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi, na sababu ya kujishughulisha.

Nawasimulia wateja wangu habari za Marienthal kwa sababu zinagusa moja kwa moja suala la kusoma. Muda mtupu haumfanyi mtu asome. Ndiyo maana kozi za bure za mtandaoni humalizwa na sehemu ndogo tu ya wanaojiandikisha. Kabla ya kozi yoyote, jiwekee saa ya kuamka, saa ya kutoka nyumbani na saa ya kutafuta kazi, kisha uone kama unaweza kuifuata ratiba hiyo kwa majuma kadhaa. Ukishindwa, tafuta mafunzo yenye darasa, mwalimu na wenzako, hata kama ni mafupi. Na ikiwa usingizi umepotea kabisa, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda kituo cha afya leo. Mengine yote katika makala hii yanaweza kusubiri.

Waambie watu. Aibu huwafanya wengi watoke asubuhi wamevaa nguo za kazini ili nyumbani wasijue, na siri hiyo huwagharimu zaidi ya wanavyodhani. Mwanasosholojia Mark Granovetter alipowahoji wafanyakazi wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, aligundua kuwa ni takriban asilimia 17 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye kwa nadra au mara mojamoja. Rafiki wa karibu husikia habari zilezile unazosikia wewe. Mtu mliyefanya naye kazi zamani, au mteja wa miaka iliyopita, ndiye anayejua nafasi usizozijua.

Sasa turudi kwenye elimu, tena tuanzie mwisho wake. Kusanya matangazo kama ishirini ya kazi unayoweza kuipata na unayoitaka. Chukua karatasi, andika kila sifa inayotakiwa, na uweke alama kila inapojirudia. Tuseme umekuwa mtunza ghala kwa miaka mingi. Uzoefu wa kupokea na kutoa mizigo, unao. Kuhesabu shehena, unajua. Ila karatasi yako inajaa alama mbele ya mambo mawili: kutumia lahajedwali (programu ya hesabu kama Excel) na programu za kompyuta za ghala, na leseni ya kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyua mizigo. Kumbe stashahada ya miaka miwili uliyotaka kuilipia imetajwa mara mbili tu, tena kama sifa ya ziada! Unachokihitaji ni kozi mbili fupi. Karatasi hiyo moja imewaokolea watu fedha nyingi kuliko ushauri wangu wowote.

Inawezekana pia kwamba unachokosa ni cheti, si ujuzi. Pendekezo la ILO Na. 195 la mwaka 2004 linazihimiza nchi ziwe na utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini au nje ya darasa. Panapokuwepo utaratibu huo, unawasilisha ushahidi wa kazi zako, unapimwa kwa vitendo, na ukifaulu unapewa cheti. Unalipia upimaji badala ya miaka ya masomo. Fundi, mpishi, dereva wa mitambo, fundi umeme: ulizeni mamlaka ya mafunzo ya ufundi kabla hamjaenda kukaa darasani kufundishwa mnachokijua.

Kwa mambo ya nadharia, vya bure ni vingi. Chuo Kikuu cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kingeweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na mwaka 2012 majukwaa ya Coursera na edX yakaanza. Shida ni kwamba mengi ni ya Kiingereza, yanakula bando, na mara nyingi kusoma ni bure lakini cheti kina bei, ingawa baadhi hutoa punguzo kwa anayeomba. Pakua masomo kwenye maktaba ya umma yenye intaneti. Ukitaka shahada, tazama vyuo vikuu huria. Kile cha Uingereza kimekuwa kikipokea wanafunzi wasio na sifa za awali tangu 1971, na nchi nyingine nyingi zimeanzisha vya namna hiyo, kila kimoja na masharti yake.

Ukibaki na haja ya kulipa ada, kuwa mgumu. Ithibati ya chuo ni kitu kimoja na ithibati ya kozi ni kingine. Hakikisha zote mbili kwa mamlaka husika, na usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Omba kuiona karakana siku ya masomo, uhesabu wanafunzi wanaogombea mashine moja. Chuo kikikuahidi kazi, ondoka. Wakala wa ajira akitaka umlipe wewe mtafuta kazi, mweleze kwamba Mkataba wa ILO Na. 181 wa mwaka 1997 umeweka kanuni ya kutomtoza mfanyakazi. Usiweke nyumba wala kitendea kazi rehani kwa ajili ya kozi.

Mwisho, gharama yote. Ada iliyo kwenye bango haijumuishi usajili, mitihani, vifaa, sare, nauli na posho ya kujikimu wakati wa mafunzo kwa vitendo. Mwombe mhasibu wa chuo aziorodheshe zote, aonyeshe awamu za kulipa na kiasi kitakachorudishwa ukipata kazi katikati ya muhula, kisha agonge muhuri. Akikataa kuandika, fomu yako usiijaze.