Unyenyekevu si kujiita "si chochote"

Kwa Mkristo, unyenyekevu ni kujua kwamba ulicho nacho umepewa, na kuishi na Mungu na watu kama mtu anayejua hivyo. Maana yenyewe haina mabishano. Shida huanza mtu akifanikiwa, kwa sababu hapo neno hili tunalibebesha mzigo usio wake.

Nimelisikia likitumiwa vibaya mara nyingi, lakini Jumapili moja hapa Kigoma liliniuma. Dagaa walikuwa wamepatikana vizuri katika usiku wa giza, na watu walisimama kutoa shukrani. Tajiri mmoja, kama tunavyowaita wenye mitumbwi, alisema kwa sauti ya chini, "Mimi si chochote, sijafanya lolote, ni Bwana tu." Kanisa zima likaitikia amina. Baada yake akasimama dada anayekausha dagaa. Akataja magunia aliyouza, akamtaja jirani aliyemwazima vichanja, akasema Mungu alimpa afya ya kuamka saa tisa za usiku miezi yote ile. Tulipotoka nje, mama mmoja akamshika mkono, akamwambia kwa upendo kabisa, "Jishushe, mwanangu. Unyenyekevu."

Vijana waliovuta wavu wa yule tajiri walikuwa wamekaa benchi la nyuma. Hawakutajwa. "Si chochote" yake iliwafuta na wao pia.

Tuliangalie neno lenyewe. Mnyenyekevu limetoka kwenye kitenzi nyenyekea, kama vile mvumilivu lilivyotoka kwenye vumilia na mtulivu kwenye tulia. Maneno ya namna hiyo humtaja mtu aliyelifanya jambo hadi likawa tabia yake. Unyonge haukujengwa hivyo. Umetoka kwenye -nyonge, neno la kueleza hali: mnyonge ni mtu aliyezidiwa. Kipato kikipatikana, mtoto akimaliza chuo, nyumba ikiezekwa bati, unyonge huondoka, na tumshukuru Mungu uondoke. Lakini ukiufanya unyenyekevu kuwa ndugu pacha wa unyonge, basi kila ombi linalojibiwa linakuvunjia unyenyekevu wako, na aliyefanikiwa hana njia isipokuwa kuigiza ufukara. Hapo ndipo ninapoona tunawapotosha vijana wetu.

Kitenzi nyenyekea kina jambo jingine. Kinadai mtu wa pili. Unamnyenyekea nani? Mtu anaweza kuwa mnyonge peke yake chumbani, lakini hakuna anayenyenyekea bila kuwapo wa kunyenyekewa. Kwa hiyo anayefanikiwa haulizwi amejisema vibaya kiasi gani. Anaulizwa yuko mbele ya nani. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mtoto huchutama na kupiga makofi akimwamkia mkubwa, na ninatamani tusiiache desturi hiyo. Lakini ile ni adabu ya mwili. Mtu anaweza kuchutama vizuri na moyo wake ukabaki umesimama wima.

Kinyume cha unyenyekevu Biblia inakiita kujikweza, na neno hili watu wa ziwani tungepaswa kulielewa kuliko wengine. Kwea ni kupanda. Kweza ni kupandisha, kama potea na poteza, enea na eneza. Tena kukweza ni kazi ya chombo. Nenda mwalo wa Kibirizi mbalamwezi ikiwa kubwa, siku ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa, uone mitumbwi ilivyokwezwa mchangani. Watu wanashika huku na huku, mmoja anaongoza sauti, wote wanasukuma kwa pamoja, mtumbwi unapanda kidogo, wanapumzika, wanashika tena. Sijaona mtumbwi uliojipandisha wenyewe. Sasa soma Luka 14:11: "Kila ajikwezaye atadhiliwa, naye ajidhiliye atakwezwa." Atakwezwa. Kupanda hakukukatazwa pale. Mstari unamwahidi mtu kupanda, ila mikono inayompandisha ni ya mwingine.

Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 8 haiwaambii Waisraeli wakane mali zao. Inataja nyumba nzuri, ng'ombe, fedha na dhahabu, kisha inawakataza sentensi moja ya moyoni, kwamba nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu. Mfalme Uzia alijenga minara, akachimba visima vingi, akapenda kilimo, na hakuna mahali alipolaumiwa kwa hayo. Alianguka alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani. Mambo ya Nyakati wa Pili sura ya 26 inasema alisaidiwa kwa ajabu hata akawa na nguvu, na alipokuwa na nguvu moyo wake ukatukuka. Alisahau kwamba alisaidiwa.

Na Bwana Yesu mwenyewe alisema, "Mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo." Kama unyenyekevu ungekuwa kutosema kweli nzuri juu yako, yeye asingelitamka hilo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, matajiri na vijana wao walikaa ufukweni pamoja. Wakati ule hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba dagaa ni wa kupewa. Lilipofunguliwa, kazi ya kukumbuka ikaanza upya, nayo inafanyika mahali ambapo kanisa halioni: kwenye kugawa pato baada ya kutoa gharama za mafuta, na kwenye sala ya usiku ambayo mtu aliisali kila siku alipokuwa na deni.

Kwa hiyo, mama yangu uliyemshika mkono yule dada, najua ulimtakia mema, na mkono wako ulikuwa wa mama. Ila siku nyingine mwache ayataje magunia yake yote, na jirani mwenye vichanja, na ile saa tisa ya usiku. Na tajiri wetu naye, tumwombe kwa heshima asimame tena, awataje vijana wa benchi la nyuma kwa majina.