Je, wajua? Ndoo ya bia ikinyamaza si lazima iwe imekufa

"Shemeji, bia yangu imekufa." Simu iliingia Jumatatu saa tatu usiku kutoka Tabata. Ijumaa shemeji alikuwa amechemsha lita 20 za maji ya kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), akaziacha zipoe, akatia hamira, akafunika ndoo na kupitisha mpira mwembamba kutoka kwenye mfuniko hadi ndani ya chupa ya maji. Jumamosi kutwa chupa ilibwabwaja. Sasa kimya.

Nikamwomba amulike ndani ya ndoo. Akasema ukutani, juu kidogo ya pombe, kuna mstari wa kahawia, kama povu la maharage lililokaukia kwenye sufuria.

Basi haijafa. Hamira ya bia, ambayo ni ya jamii moja na hamira ya maandazi, hula sukari ya kimea na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa. Hewa hiyo huinua povu zito, na povu likishuka huacha alama ukutani. Bia nyingi za nyumbani hupikwa kwa hamira inayopenda nyuzi 18 hadi 22, ambapo purukushani yake huchukua siku kadhaa. Chumba cha Dar mwezi wa pili kinafika nyuzi 30. Hapo hamira hukimbia, na sehemu kubwa ya kazi inaweza kwisha ndani ya siku mbili, nyingine ukiwa umelala.

Isipoonyesha dalili yoyote kwa saa 24, usihangaike bado. Zikifika 72, shuku hamira: huenda ilikaa dukani kwenye joto hadi ikachoka, au uliimimina kwenye maji ambayo hayajapoa.

Tatizo ni kwamba watu wanausikiliza ule mpira wa chupani. Mpira unakueleza habari za mfuniko zaidi kuliko za bia. Mfuniko usiokaza hupitisha hewa pembeni, na chupa haitabwabwaja hata kama hamira inakula kwa fujo. Kinyume chake pia hutokea: jua la saa nane likipasha chumba, hewa iliyokuwa imejificha ndani ya pombe hutoka na kubwabwaja, wakati kazi ilikwisha juzi.

Kipimo cha kuaminika ni hidromita, ndugu ya ile laktomita ya kukagua kama maziwa yametiwa maji. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Maji yenye sukari nyingi ni mazito, hivyo hukibeba juu. Sukari ikiliwa, kijiti huzama. Maji matupu husoma 1.000; ya shemeji ilisoma 1.048 siku ya kupika. Jumatatu ile ilisoma 1.014. Pombe iliyokufa haishuki hivyo. (Hidromita nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kwenye nyuzi 30 ongeza kama 0.002 au 0.003.) Sampuli usiirudishe ndooni. Ionje.

Pua nayo ina kazi yake, ila isikutishe bure. Harufu kidogo ya yai viza katikati ya safari ni ya kawaida kwa baadhi ya hamira, na kwa kawaida huondoka yenyewe. Harufu kali ya siki, au manyoya ya ukungu juu ya pombe, hiyo mwaga.

Kwa maoni yangu, mpishi wa Dar ahofie zaidi joto kuliko kimya. Hamira ikizidiwa na joto siku za mwanzo hutoa vilevi vizito vinavyochoma koo na kuacha ladha kali. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, tumbukiza chupa za barafu kwenye maji hayo, ubadilishe asubuhi na jioni. Taulo bichi na feni husaidia pia, ingawa kwa unyevunyevu wetu huu si sana. Na hamira yenyewe ikila hutoa joto, kwa hiyo ndoo huwa na joto kuliko chumba.

Shemeji alitaka kujaza chupa usiku uleule. Nilimkatalia: sukari iliyobaki ingeendelea kuliwa ndani ya chupa, hewa ikose pa kutokea, na kioo kingeweza kupasuka. Jumatano hidromita ilisoma 1.011. Ijumaa, 1.011 tena: haishuki zaidi, kazi imekwisha. Kilevi karibu asilimia 4.9. Chupa zake zilikuwa zimeoshwa tangu Jumatatu. Nilimwambia aoshe upya.